Aya mbili na jembe la Frene Ginwala

Kurasa zilikuwa zinatakiwa mtamboni saa nne kamili usiku. Saa tatu na nusu simu yangu ikaita, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la mtu ambaye hapigi usiku ila ana jambo. Hakupandisha sauti. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya nyumbani, akauliza mama anaendeleaje na miguu yake. Kisha akasema, "Ile habari ya majirani zetu, dada. Ukurasa wa tisa, aya ya sita na ya saba. Wale ni ndugu zetu, unajua. Hebu iangalie."

Hakusema niitoe. Hakusema niipunguze. Alisema niiangalie, akanitakia usiku mwema.

Nikaiangalia. Aya ya sita ilitaja idadi ya watu waliopigwa risasi karibu na soko. Ya saba ilikuwa na maneno ya mama mmoja aliyezunguka hospitali mbili akitafuta mwili wa mwanawe. Habari ilitumwa na kijana wetu, mwakilishi tunayemlipa kwa habari moja moja, aliyekaa huko miaka mitatu sasa. Nikazitoa zote mbili. Msanifu kurasa akauliza pengo tulijaze na nini, nikamwambia aivute picha iwe kubwa kidogo.

Saa nne na dakika tano kurasa zikaenda.

Asubuhi nikakuta ujumbe wake: "Shikamoo dada. Nimeliona gazeti. Aya zangu mbili ziko wapi?"

Ile shikamoo ndiyo iliyonishinda. Angefoka ningempa maelezo, na maelezo ninayo mengi. Lakini alinipa heshima kwanza, kisha akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe niliwahi kuwauliza wahariri wa wenzangu, tukiwa tumekaa tunakunywa chai na kuwasema vibaya.

Wiki sita zimepita tangu siku hiyo.

Begi mlangoni

Kabla ya kukalia kiti hiki nilikuwa mwakilishi. Nilikuwa nikiripotia redio ya nje, idhaa yake ya Kiswahili, kutoka Bujumbura, Kigali na mashariki ya Kongo. Novemba 2012, waasi wa M23 walipoingia Goma, nilikuwa mjini. Nilitembea kwenye zile barabara za mawe meusi ya volkano nikipishana na vijana wanaosukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, zimepakiwa magodoro na masufuria ya familia ambazo zilikuwa zinahama kwa mara ya tatu au ya nne. Watu walinisimulia kwa Kiswahili chao, nami nikiwauliza kwa changu cha Dar, tukaelewana. Kila jioni nilirusha ripoti, na kila ripoti ilisema nilichokiona.

Sikuwahi kukatwa aya hata moja. Nilidhani ule ndio ujasiri.

Siku hizi nakumbuka zaidi lile begi. Muda wote lilikuwa limefungwa, limesimama karibu na mlango wa chumba. Mpaka wa Gisenyi ulikuwa mwendo wa miguu. Aliyekuwa akinitafsiria pale Kiswahili kilipokwama, aliyenionyesha ukuta gani umetobolewa na risasi za nani, yeye hakuwa na begi mlangoni. Alikuwa na mke, watoto wanne na kibanda cha kuchaji simu. Nilipovuka mpaka, yeye alibaki na maneno yangu.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huona kile ambacho jicho la mwenyeji limekizoea. Huuliza swali ambalo mwenyeji amechoka kuliuliza. Kazi ya mwandishi anayeripoti nchi za watu imejengwa juu ya methali hiyo, na naamini bado ni kazi ya thamani. Ila methali haisemi ni nani anayelipa mgeni akishaondoka.

Nilipoitwa nyumbani kuwa mhariri nilifurahi sana. Nilidhani nitaleta jicho lile lile, nilikalishe kwenye meza kubwa zaidi.

Aliyefukuzwa, kisha akaitwa

Frene Ginwala alifariki 12 Januari 2023, akiwa na umri wa miaka 90. Siku ile mwandishi mmoja wa meza yetu alinipa mistari michache: Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini baada ya ubaguzi, kuanzia 1994 hadi 2004. Niliipitisha kama ilivyo. Neno Dar es Salaam halikuwamo. Mimi nilijua kwamba mama huyu aliwahi kuhariri gazeti katika mji huu huu, na sikuongeza hata sentensi.

Amenirudia sasa, baada ya aya mbili.

Alizaliwa Johannesburg mwaka 1932, katika familia ya Kihindi ya Waparsi, akasomea sheria. Polisi walipoua watu 69 Sharpeville tarehe 21 Machi 1960, chama cha ukombozi cha ANC kilijua milango inafungwa, na Oliver Tambo akatumwa kutoka nje kwenda kujenga chama ugenini. Ginwala alikuwa mmoja wa waliopanga njia yake ya kupita Bechuanaland, Botswana ya leo, hadi kufika Dar es Salaam. Naye akabaki hapa. Alikuwa na miaka 28, Tanganyika haijapata uhuru bado, na tayari mji ulikuwa unaanza kuwa ule mji ambao baba zetu wanausimulia, wenye ofisi ya wapigania uhuru kila mtaa.

Hapa alianzisha na kuhariri jarida la siasa za Afrika, Spearhead. Ugenini huko, Dar na baadaye Uingereza, aliishi kwa kalamu na sauti, akiandika na kutangaza juu ya bara hili kwa vyombo vya Uingereza, BBC ikiwamo. Yaani alikuwa mtu wa kazi ile niliyoifanya mimi, wa kueleza mahali fulani kwa watu walio mahali pengine. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na kwetu pa kurudi.

Mwaka 1963 alitakiwa kuondoka Tanganyika.

Nimelitafakari sana tukio hilo. Nchi aliyoikimbilia ikamwonyesha mlango. Watu wengi wangeondoka na kinyongo cha maisha, na kalamu ya mwandishi wa nje ni silaha nzuri ya kinyongo. Miaka saba baadaye nchi ile ile ikamwita, na akaja.

Tarehe 5 Februari 1970, miaka mitatu baada ya Azimio, serikali ilitaifisha The Standard. Lilikuwa gazeti la Kiingereza lililokuwa likitoka tangu 1930, la walowezi kwa asili, na wakati huo mali ya kampuni ya Lonrho. Mwalimu akamkabidhi Ginwala uhariri. Fikiria jinsi jambo hilo lilivyokuwa. Mwanamke, Mhindi kwa asili, raia wa nchi nyingine, aliyewahi kuondoshwa na serikali hiyo hiyo, anapewa gazeti la taifa.

Mwalimu aliitumia mwaka 1962, katika andiko lake la Ujamaa, ile methali kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Ginwala alipewa jembe.

Hati ya kukosoa

Pamoja na jembe alipewa hati. Mwalimu alitoa tamko refu siku ya kutaifisha, akieleza gazeti jipya litakuwa la namna gani. Litakuwa na utii kwa ujamaa wa Tanzania. Lakini litakuwa huru kujadili mapendekezo ya serikali na ya TANU, kuyaunga mkono au kuyapinga. Litakuwa huru kukosoa matendo ya viongozi mmoja mmoja, na kutangaza makosa ya yeyote aliyeyatenda. Mjadala huru, alisema, ni sehemu ya ujamaa wa kweli.

Nimefanya kazi chini ya wamiliki kadhaa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia kitu kama hicho.

Na chumba chake cha habari kilikuwa cha ajabu. Habari za kimataifa zilikuwa chini ya Richard Gott kutoka Uingereza. Philip Ochieng, Mluo kutoka Kenya ambaye baadaye angekuwa mmoja wa wahariri wakubwa wa Nairobi, alikuwa mmoja wa kalamu zake. Upande wa pili wa mji Benjamin Mkapa alikuwa anahariri The Nationalist, gazeti la chama. Wageni walikaa na wenyeji meza moja, na dunia yote ilikuwa inapita mjini: vyama vya ukombozi vya Frelimo, MPLA, SWAPO, ANC na PAC, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Kwa mhariri aliyezoea kuripoti nchi za watu, hapakuwa na kiti kizuri kuliko hicho barani.

Naomba niseme jambo la kazi hapa, kwa sababu wasiokaa vyumba vya habari hawalijui. Kwenye magazeti yetu ya leo ukurasa wa kimataifa ndio unaoliwa kwanza. Tangazo likija saa mbili usiku, ukurasa wa siasa haugusi mtu, wa michezo haugusi mtu. Unaoondoka ni wa nje. Tunauona kama mapambo. Mhariri aliyewahi kuripoti kutoka huko hawezi kuuona hivyo, kwa sababu kila jina la mji kwenye ukurasa ule lina harufu anayoikumbuka. Nina hakika, ingawa siwezi kukuthibitishia, kwamba Ginwala aliposoma neno Khartoum hakuliona kuwa ni la mbali.

Siku tatu za Khartoum

Tarehe 19 Julai 1971 maofisa wa jeshi la Sudan wenye mrengo wa kikomunisti walimpindua Jaafar Nimeiri. Mapinduzi yalidumu siku tatu. Nimeiri aliporudi madarakani alianza kuua. Maofisa walipigwa risasi. Kisha wakafuata raia. Abdel Khaliq Mahjub, katibu mkuu wa chama cha kikomunisti, alinyongwa. Joseph Garang, mwanasheria kutoka Kusini aliyekuwa waziri, alinyongwa. Shafie Ahmed el-Sheikh, kiongozi wa wafanyakazi aliyejulikana Afrika nzima, naye alinyongwa.

The Standard likaandika tahariri kulaani.

Haukupita muda Ginwala akaondolewa kwenye kiti. Alikuwa amekikalia mwaka mmoja na nusu hivi.

Mara ya kwanza nilipolisoma jambo hili, zamani, nilikuwa bado mwakilishi na nililielewa kwa dakika moja. Mhariri jasiri, serikali yenye hofu, basi. Nilikuwa na hukumu nyepesi kwa sababu nilikuwa na begi mlangoni.

Sasa silielewi kwa wepesi huo.

Kwanza, kuna upande wa Mwalimu. Alikuwa na kambi za wapiganaji kwenye ardhi yake, vita vya Msumbiji mpakani, na alihitaji kila sauti ndani ya OAU. Sudan ilikuwa mwanachama mwenzake. Na gazeti lilikuwa la serikali. Maneno ya mwandishi wa BBC ni ya mwandishi. Maneno ya tahariri katika gazeti la serikali husomwa na balozi kama barua iliyopigwa mhuri wa Ikulu. Hati ya 1970 iliruhusu kukosoa viongozi wetu. Je, iliruhusu kukosoa rais wa watu wengine, kwa sauti ambayo dunia itadhani ni ya Rais wetu? Mipaka ya shamba haikuwa imechorwa upande huo. Ginwala aliigundua kwa jembe.

Pili, na hili limenichelewesha kuandika makala hii, wale walionyongwa walikuwa watu wake. ANC ilikuwa bega kwa bega na wakomunisti wa Afrika Kusini. Yeye mwenyewe alikuwa wa mrengo wa kushoto, na wengi katika meza yake walikuwa hivyo. Ingekuwaje kama Nimeiri angewanyonga watu wa mrengo mwingine? Tahariri ingeandikwa kwa moto ule ule?

Sijui namna ya kujibu. Nimejaribu kulitumia swali hilo kujitetea. Nimejiambia: unaona, hata yeye hakuwa mtetezi wa kila aliyeuawa, alitetea wenzake, basi usijione mwenye dhambi kwa aya mbili. Utetezi huo hukaa kama saa moja, kisha namkumbuka yule mama wa aya ya saba anayezunguka hospitali, na unaanguka.

Maana mimi hata wenzangu sikuwatetea. Yule kijana ni mwenzangu.

Kiti cha nyumbani na kiti cha ugenini

Kuna mwingine niliyekuwa nikimfuatilia siku zile, Joseph Lelyveld wa New York Times. Aliripoti kutoka Kongo mwaka 1965, akaenda Johannesburg, na mwaka 1966 makaburu wakamfukuza. Mwaka 1980 alirudi Afrika Kusini, akakaa miaka mitatu, na kitabu alichokiandika baada ya hapo kikapata Tuzo ya Pulitzer ya 1986. Kuanzia 1994 hadi 2001 alikuwa mhariri mkuu wa gazeti lake, na mwaka 2003 gazeti lilipotikiswa na kashfa ya mwandishi aliyebuni habari, walimwita alishike kwa muda mpaka apatikane mwingine. Alifariki Januari 2024.

Nilimpenda kwa sababu njia yake ilikuwa safi: nenda, ona, fukuzwa, rudi, ona tena, kisha kaa kwenye meza nyumbani na uwatume wengine.

Lakini yeye alipokuwa mhariri alikaa kwao. Hakuna aliyemwambia hawa ni ndugu zetu. Pengine aliambiwa mengine, kila nchi ina yake, lakini kiti kilikuwa chake kwa haki ya kuzaliwa. Ginwala alihariri akiwa mgeni, bila nchi nyuma yake, katika mji ambao ndio uliompa yeye na chama chake pa kulala. Ukimuudhi mwenye nyumba, huathiriki peke yako. Wenzako wamelala chumba cha pili.

Alijua hilo. Ndiye aliyekuwa amesaidia kuwaleta hapa. Na bado tahariri ikatoka.

Nimekaa na jambo hilo usiku mwingi. Mimi ni mwenyeji. Nina uraia, nina kiwanja Kibaha, nina ukoo. Gazeti letu si la serikali. Kinachonibana ni matangazo, ambayo mengi yanatoka mahali ambapo simu moja inaweza kuyasimamisha, na matangazo hayo ndiyo yanayolipa mishahara ya watu arobaini, wakiwamo wenye watoto shuleni. Hesabu hiyo ni ya kweli na siidharau. Lakini nikiziweka hatari zangu mezani kando ya zake, zangu ni ndogo, na mimi ndiye niliyekata.

Mama Spika

Ingekuwa rahisi kumwacha hapo, amesimama na tahariri yake mkononi. Lakini maisha yake yaliendelea na sitaki kuyakata katikati kwa sababu yananisumbua.

Aliondoka Dar, akaenda Oxford akapata shahada ya uzamivu, akafanya kazi za utafiti ndani ya ANC jijini London, akarudi kwao mwaka 1991, na mwaka 1994 akakalia kiti cha Spika. The Standard lenyewe liliunganishwa na The Nationalist mwaka 1972 likawa Daily News, na Mkapa akawa mhariri wake. Wahariri wawili wa mji mmoja: mmoja akawa Rais, mwingine akawa Spika wa nchi ambayo mji huu uliilea uhamishoni.

Mwaka 1997, Ginwala akiwa Spika, mbunge wa chama cha upinzani cha PAC, Patricia de Lille, alisimama bungeni akataja majina ya watu wa ANC aliodai walikuwa majasusi wa makaburu. Bunge likamsimamisha kwa siku 15 za vikao. De Lille akaenda mahakamani. Mahakama ikasema alionewa, uhuru wa kusema bungeni ulivunjwa, na rufaa ya mwaka 1999 ikathibitisha. Kwenye majalada ya kesi ile upande mmoja umeandikwa Spika wa Bunge. Mama yule yule. Na miaka michache baadaye, kamati ya bunge ilipotaka kuchimba ununuzi wa silaha, wapo waliomlaumu kwamba aliilinda serikali kuliko alivyolilinda Bunge.

Niliposoma hayo nilihisi kama nimeibiwa kitu. Nilimtaka abaki kama alivyokuwa Julai 1971.

Kisha nikakumbuka kibanda cha kuchaji simu kule Goma, na begi langu, na ukurasa wa tisa. Mtu yule yule aliyerusha kila alichokiona akiwa Goma ndiye aliyevuta picha iwe kubwa kidogo Dar es Salaam. Nilidhani jicho ni langu, naenda nalo popote. Kumbe kiti nacho kina macho yake, na ukikikalia kwa muda unaanza kuona kwa hayo: unaona mshahara, unaona ndugu zetu, unaona aya ya sita kama tatizo la nafasi.

Ginwala alikalia kiti cha mhariri miezi kumi na minane tu. Cha Spika alikikalia miaka kumi. Sijui kama urefu wa kukaa ndio uliofanya tofauti. Ila mimi nina mwaka wa tano.

Habari iliyofuata

Yule kijana sikumjibu kwa siku tatu. Nilipomjibu nilimwandikia kwamba nafasi ilikuwa finyu. Akasema, "Sawa dada, nimeelewa." Na alielewa kweli, hilo ndilo baya.

Jumanne iliyopita alituma habari nyingine kutoka mji ule ule. Niliifungua kwa hofu, nikahesabu aya kama mtu anayehesabu hela za watu. Ilikuwa na aya tisa. Mkuu wa wilaya alisema hali ni shwari. Msemaji wa jeshi alisema hali ni shwari. Maduka yalifunguliwa. Sarufi ilikuwa safi, majina yamehakikiwa, kila kitu mahali pake.

Hapakuwa na cha kukata.

Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa saa tatu kasoro. Simu yangu ilikuwa kimya, hakuna aliyepiga, na hakuna ambaye angepiga kwa habari kama ile. Nikampigia mimi. Akapokea mara moja, "Shikamoo dada," nyuma yake nikasikia pikipiki na sauti za watu wa jioni.

"Marahaba. Ulifika sokoni?"

"Nilifika."

"Ulimwona yule mama?"

Akanyamaza kidogo. "Nilimwona. Alimpata mwanawe. Nilikwenda hadi makaburini."

"Mbona hayumo? Aya zako ziko wapi?"

"Nilidhani hazitoki, dada."

Nikamwangalia msanifu kurasa. Alikuwa ameshaifunga ya tisa, tangazo la benki chini, picha ya mkuu wa wilaya juu, kubwa. Nikamwonyesha kwa mkono aifungue.

"Ziandike," nikamwambia. "Nina mpaka saa nne."